« Tuligombana »: neno la mshitakiwa na kalamu ya polisi

Mwaka uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kituo kidogo cha polisi. Alikuwa amegombana sokoni na mwenzake juu ya nafasi ya kuweka meza, na huyo mwenzake akaenda kumshitaki. Ofisa aliyetupokea aliuliza kwa Kiswahili, shangazi akajibu kwa Kiswahili, ofisa akaandika kwa Kifaransa. Alipomaliza, alimsogezea shangazi karatasi na kumwambia aweke kidole. Shangazi hasomi Kifaransa. Alinipa mimi. Yeye alikuwa amesema: « Tuligombana. » Karatasi ilisema: « Nous nous sommes battues », yaani tulipigana.

Ninyi wanafunzi wa lugha mnaliona tatizo mara moja. Kwetu, kugombana kunaweza kuishia mdomoni na kunaweza kufika mikononi. Msikilizaji hujua ni kupi kwa kufuata maneno yanayotangulia na yanayofuata. Ofisa aliamua upesi, na kwa Kifaransa uamuzi wake ukawa kosa la kumpiga mtu. Nilimwomba kwa heshima asome tena pamoja na shangazi. Hakuwa mtu mbaya. Tangu asubuhi alikuwa anaandika, na karatasi zenyewe tulikuwa tumezinunua sisi kwenye kioski cha jirani. Alikata neno, akaandika « querellées » juu yake, wakaweka alama pembeni, yeye kwa kalamu na shangazi kwa kidole gumba. Jioni tulikuwa nyumbani.

Niliikumbuka karatasi ile nilipokuwa nasoma, kwa ajili ya kozi yetu ya utamaduni, juu ya nyumba moja ya makumbusho iliyoko London, katika mtaa wa Bow Street. Ni makumbusho ya historia ya polisi na mahakama, na imewekwa ndani ya kituo cha polisi cha zamani chenyewe. Nataka kuwaeleza kwa nini nyumba hiyo ya mbali inatuhusu sisi wa kitivo hiki, na ni kazi gani nadhani inatungoja.

Kwanza historia yake. Mwaka 1748 mwandishi wa riwaya Henry Fielding aliteuliwa kuwa hakimu, akafanya kazi yake katika mtaa huo wa Bow Street. Mwaka 1749, mwaka uleule alipotoa riwaya yake Tom Jones, alikusanya kikundi kidogo cha watu wa kuwasaka wezi kwa malipo. Watu hao walikuja kuitwa Bow Street Runners, wakimbiaji wa Bow Street. Alipofariki mwaka 1754, kazi ilichukuliwa na ndugu yake wa baba mmoja, John Fielding, aliyekuwa kipofu, na ambaye inasimuliwa kwamba aliwatambua wahalifu wengi kwa sauti zao tu. Polisi rasmi ya jiji la London ilikuja baadaye, mwaka 1829, nao wale wakimbiaji wakavunjwa mwaka 1839. Kwa hiyo, kabla ya polisi ya Uingereza kuwa na sare, ilikuwa na mtunga riwaya na kipofu mwenye masikio makali. Kitivo cha lugha hakiwezi kupita hapo bila kutabasamu.

Jengo linaloonekana leo ni la mwaka 1881, mahakama na kituo cha polisi pamoja, likitazamana na nyumba kubwa ya opera. Oscar Wilde alipitishwa hapo mwaka 1895. Emmeline Pankhurst, aliyepigania haki ya wanawake kupiga kura, alishitakiwa hapo mwaka 1908. Kesi ya kumrudisha Augusto Pinochet ili ahukumiwe kwa mateso ya watu wa Chile ilipita hapo pia, baada ya yeye kukamatwa London mwaka 1998. Kituo cha polisi kilifungwa mwaka 1992, mahakama mwaka 2006. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2021, jengo lilifunguliwa upya: sehemu kubwa ni hoteli ya kifahari, na sehemu ya selo za zamani ni makumbusho. Mgeni anaingia katika selo ambamo mtu alifungiwa usiku mmoja kabla ya kupandishwa mbele ya hakimu, na katika chumba kikubwa zaidi kilichokuwa cha kuwaweka walevi pamoja. Na juu yake, ndani ya kuta zilezile, watu wanalipa pesa nyingi ili walale.

Wenzangu wengine watacheka au watakasirika. Mimi nasema kituo kilichotengenezwa na kuonyeshwa ni bora kuliko kituo kilichobomolewa. Kuta zikibaki, mtoto anaweza kuuliza: hapa alifungwa nani? Lakini makumbusho ya aina hii ina hatari yake. Vitu vinavyobaki katika kituo cha polisi karibu vyote ni vya polisi: sare, rungu, pingu, taa, daftari. Mfungwa aliingia mikono mitupu na akatoka mikono mitupu. Alichoacha ni maneno yake tu, na hayo yaliandikwa na mwingine. Tukipanga vitu kama vilivyo, nyumba nzima itasimulia habari za mwenye ufunguo. Aliyeketi kwenye benchi la selo atabaki kuwa doli la nta.

Sasa nawaomba mnifuate, kwa sababu mlango wa Bow Street una njia inayofika mpaka kwetu Kongo.

Tarehe 15 Mei 1916 alifikishwa mbele ya hakimu wa Bow Street mtu mmoja aitwaye Roger Casement. Alikuwa Mwairishi, aliyekuwa zamani konsuli wa Uingereza, na alishitakiwa kwa uhaini kwa sababu alitafuta msaada wa Ujerumani ili Ireland ipate uhuru. Kutoka Bow Street kesi yake ilipelekwa mahakama kuu, akahukumiwa kifo, akanyongwa tarehe 3 Agosti mwaka huohuo katika gereza la Pentonville. Watu wenye vyeo walipoanza kumwombea msamaha, kurasa za shajara zake za siri zilipitishwa kichinichini kwa wakubwa ili wamwache. Maandishi ya mkono wake mwenyewe yalisaidia kumfunga kamba.

Sisi tunamjua Casement kwa kazi nyingine. Mwaka 1903, akiwa konsuli katika Dola Huru la Kongo la mfalme Léopold II, alipanda mto kutoka Léopoldville akaenda kusikiliza watu wa sehemu za mpira: vijiji vilivyobaki vitupu, wanawake waliofungwa kama rehani, watu waliokatwa mikono. Waliotajwa kutenda hayo walikuwa askari wa Force Publique, ambayo ilikuwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja, pamoja na walinzi wenye bunduki wa makampuni ya mpira. Ripoti yake ilitolewa London mwanzoni mwa mwaka 1904, na ni moja ya sababu Léopold alilazimika mwaka 1908 kuiachia nchi serikali ya Ubelgiji.

Tazameni jinsi ripoti ile ilivyotengenezwa. Casement hakuzijua lugha za watu wale kiasi cha kuwahoji peke yake. Walisema kwa lugha zao. Mkalimani, mara nyingine mmisionari, akageuza. Konsuli akaandika kwa Kiingereza. Baadhi ya waliozungumza walikuwa wasichana walioishi misheni karibu na ziwa Tumba, wakieleza walivyoona wazazi wao wakiuawa. Kisha karatasi zikafika wizarani London. Kabla ya kuchapisha, wizara iliondoa majina ya watu na ya vijiji na kuweka herufi mahali pake. Msichana akawa herufi mbili. Kijiji kikawa herufi moja. Casement alikasirika na kulalamika, kwa kuwa alijua kwamba ushahidi usio na jina hukanushwa kwa urahisi.

Na ulikanushwa kweli. Kijana aitwaye Epondo, aliyekuwa amepoteza mkono wa kushoto, alisema kwamba mlinzi wa kampuni ndiye aliyemkata. Baada ya Casement kuondoka, watu wa serikali ya Léopold walirudi na karatasi nyingine inayosema kwamba mkono huo uliumwa na nguruwe wa porini. Kijana ni mmoja, mkono ni mmoja, na karatasi ni mbili zilizoandikwa na mikono ya watu wengine katika lugha ambazo yeye hakuziandika. Nani kati yenu, akisoma jambo hilo, hamkumbuki mtu wa kwao aliyewahi kuambiwa: « lakini kwenye PV ulikubali »?

Tume ya uchunguzi aliyoituma Léopold mwenyewe miaka ya 1904 na 1905 ilisikiliza Wakongomani wengi. Ilitoa ripoti ya muhtasari. Maneno yenyewe ya mashahidi yalifungiwa katika hifadhi za Bruxelles kwa miongo mingi. Walisema, hatukuruhusiwa kuwasikia.

Hapa Lubumbashi tuna somo la karibu zaidi juu ya kumbukumbu ikikaa mkononi mwa polisi peke yake. Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa nje ya mji wetu, ambao uliitwa Elisabethville. Komisa wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete, alikuwa kati ya walioiharibu miili yao kwa asidi, na alibaki na jino la Lumumba. Alikaa nalo kwake Ubelgiji miaka na miaka. Hiyo nayo ilikuwa makumbusho ya polisi, ya mtu mmoja, ndani ya nyumba yake. Mwaka 2016 vyombo vya sheria vya Ubelgiji vililichukua kutoka kwa binti yake. Mwaka 2020 Juliana Lumumba alimwandikia mfalme wa Wabelgiji barua akidai mabaki ya baba yake. Tarehe 20 Juni 2022 jino lilikabidhiwa familia, likaletwa nyumbani, likapita na hapa kwetu, kisha likazikwa Kinshasa. Kwa komisa lilikuwa kikumbusho cha kazi yake. Binti aliposema kwa jina lake « huyu ni baba yangu », likawa maiti ya mzee anayestahili kuliliwa. Kitu ni kilekile. Kilichobadilika ni nani anasema juu yake.

Ndiyo maana ninashikilia kwamba katika kituo cha polisi kilichogeuzwa makumbusho, kitu cha kwanza cha kuonyeshwa kiwe karatasi ya mahojiano, hata kabla ya pingu. Karatasi hiyo ionyeshwe pamoja na safari yake: mtu alisema nini, kwa lugha gani, nani aligeuza, nani aliandika, nani alisoma kwa sauti, nani aliweka kidole. Pingu zinafanana dunia nzima, na mgeni akiziona mara moja amezielewa. Safari ya neno haifanani popote, na kwetu ndiyo iliyoamua nani alale ndani.

Na kwetu haijawa historia. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, inaweka Kifaransa kuwa lugha rasmi na inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Lingala, Kiswahili na Ciluba. Kifungu cha 18 kinasema mtu aliyekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake na mashitaka yake, katika lugha anayoielewa. Kifungu hichohicho kinasema kwamba kuwekwa chini ya ulinzi wa polisi kusizidi saa 48. Ukiuliza, utaambiwa sheria inafuatwa, kwa kuwa ofisa anaongea Kiswahili. Ni kweli, anaongea. Mtu anaelezwa kwa Kiswahili na anajibu kwa Kiswahili. Lakini kinachopanda kwenda parke ni Kifaransa, na hakimu atasoma Kifaransa. Kati ya mdomo na karatasi kuna kazi ya kufasiri, na kazi hiyo inafanywa na mtu ambaye hakuifundishwa, amechoka, na ndiye huyohuyo anayeshitaki.

Najua majibu yatakayokuja. Mwenzangu mmoja aliposoma rasimu hii aliniambia: « Wewe unazungumza makumbusho wakati kasho zimejaa. Waingereza wanaweza kuuza tiketi za selo kwa sababu selo zile ni tupu. » Ana haki. Singependa kuona leo jengo la zamani likipakwa rangi na kukatwa utepe huku mtaa wa pili watu wamelala wamesimama. Ndiyo sababu siombi kuta. Naomba tuanze na maneno, ambayo hayahitaji mfadhili wala saruji, na ambayo yanawafaa walio ndani leo.

Mwalimu wetu mmoja alinipa pingamizi la upande mwingine: tusiwafanye polisi wote kuwa wana wa Force Publique. Nalo ni neno la haki. Ofisa aliyemhoji shangazi ni mtoto wa watu, amefundishwa kuandika kwa namna moja tu, na kama angeandika « tuligombana » kama lilivyosemwa, pengine mkuu wake angemrudishia karatasi. Makumbusho isiyo na sauti ya polisi nayo itakuwa na uongo ndani yake. Sauti yake iwepo, na iketi pamoja na nyingine, kwenye benchi moja.

Basi napendekeza mambo matatu kwa kitivo.

La kwanza, tutengeneze kamusi ndogo ya kituo. Tukusanye maneno ambayo watu wetu wanayatumia wakihojiwa: kugombana, kumshika mtu, kumtisha, kukopa, kuchukua, kulala na mtu, kumroga. Kila neno liwe na maana zake kama zinavyosemwa hapa mjini na vijijini, na Kifaransa kinacholingana na kila maana. « Nilichukua » si lazima iwe « j'ai volé ». Wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaweza kuifanya kazi hii kama kazi yao ya kumaliza masomo, chini ya mwalimu wa tafsiri, na wenzetu wa kitivo cha sheria wakaisoma kabla ya kuchapishwa. Kitabu cha kurasa hamsini kinaingia mfukoni mwa ofisa.

La pili, tukusanye kumbukumbu za wazee juu ya vituo vya zamani vya mji. Bado wapo wanaokumbuka buloko ya wakati wa Wabelgiji na fimbo iliyochapwa mbele ya watu. Wapo pia polisi wastaafu, na wale waliokamatwa wakati wa Mobutu kwa neno moja walilolisema kwenye baa. Tuandike kwa lugha wanayosemea, pamoja na makosa yao na vicheko vyao, na tafsiri iwekwe kando, isichukue mahali pa maneno yenyewe. Na anayekubali kutajwa, atajwe kwa jina lake lote. Anayeogopa, tumfiche, lakini yeye ndiye aamue, asiamuliwe na ofisi kama walivyoamuliwa wale wasichana wa ziwa Tumba.

La tatu, kumbukumbu hizo zikishakuwepo, na siku moja mji ukaamua kuokoa jengo moja la polisi la zamani lisianguke, tuwe tayari kuingia nazo. Ukutani tuweke karatasi moja yenye safu tatu: alichosema, kilichoandikwa, alichosomewa. Mgeni asome mwenyewe na aone neno lilipopotea. Wale wa London wana selo za kweli, na Casement alipita katika jengo lao akiwa yeye sasa ndiye mshitakiwa, baada ya kuandika maneno ya mashahidi wetu. Sisi tutakuwa na maneno ya mashahidi wenyewe.

Shangazi bado anauza dagaa mahali palepale, na yule aliyemshitaki anauza mbele yake. Siku hizi wanalindiana meza. Juzi nilimwambia kwamba naandika habari yake kwenye jarida la chuo. Aliuliza swali moja tu: « Umeandika nini, tuligombana ao tulipigana? » Nikamsomea mstari wa kwanza mpaka wa mwisho kwa Kiswahili. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: « Sasa hiyo ninaweza kuweka kidole. »